Mkanda wa Marehemu

Mzee Serafini Kikoti aliletwa saa tatu asubuhi akiwa amevaa koti lake la harusi. Nikamwambia sijawahi kuona maiti wa Kihehe aliyependeza hivyo.

“Na wewe panya buku wa Kingoni,” akasema, “nani kakufungulia mlango?”

“Serikali. Inanilipa mshahara nikutukane.”

“Mshahara! Babu zako walitutukana bure.”

“Walikuwa wanawatukana wakiwa mbioni, mzee. Ni vigumu kudai malipo huku unamkimbiza mtu.”

Akacheka kidogo, kwa pua tu, kama mtu anayebana kitu kisimwagike. Nikaona. Kazi yangu ni kuona vitu kama hivyo huku nikijifanya mjinga, na kujifanya mjinga ni kipaji nilichokuwa nacho tangu kidato cha kwanza.

Kitambulisho changu kimeandikwa: Otilia Gama, Afisa Utani Daraja la Tatu, Kituo cha Viungo Luhanga. Mama alipoisoma barua ya ajira aliirudia mara mbili, kisha akauliza wa Daraja la Kwanza wao wanatukana namna gani. Msicheke. Kabla serikali haijatuajiri, mashine ilikuwa inafanya kazi peke yake, na watu waliumia.

Jina rasmi la mashine ni refu kama treni ya mizigo. Sisi tunaiita Bwana Sikio. Inatibu kiuno kinachouma miaka na miaka, kile ambacho umekipaka kila dawa na kukilalia kila upande. Mara nyingi mkosaji ni kiungo kimoja kule nyuma, pale uti wa mgongo unapokalia mfupa wa nyonga, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kikilegea, kila hatua ni kisu. Bwana Sikio anakitia ganzi kiungo kimoja, anangoja, kisha anamwuliza mgonjwa aliye macho: maumivu yamepungua kiasi gani? Ukisema robo tatu au zaidi, basi mkosaji kapatikana. Anapasua upenyo usiozidi njiti ya kiberiti, anapitisha pini tatu, na kiungo kinagandishwa kisicheze tena maisha yako yote. Saa nne uko kitandani, saa tano unakunywa chai.

Tatizo ni kwamba walioibuni mashine hawakuwa wa kwetu. Kwao, anayeulizwa kama panauma anasema panauma. Kwetu, mtu kavunjika mguu, ukimwuliza habari za asubuhi anakujibu nzuri, kisha ndipo anautaja mguu. Sasa mtu huyo akiinamiwa na daktari mpole, aliyemhangaikia tangu alfajiri, akaulizwa, “Baba, nafuu?” utamsikia akisema siyo? Atasema nafuu, nashukuru. Mwaka wa kwanza watu arobaini na mmoja wa wilaya hii waligandishwa viungo vizima kwa sababu ya kuwa na adabu.

Ndipo mtu mmoja wizarani akakumbuka kwamba kuna mtu ambaye Mwafrika wa huku hana haja ya kumwonyesha adabu. Mtani wake.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale, bila hata shikamoo, nikimvua mzee wa miaka sitini na nane koti la harusi.

“Mkanda nao,” nikasema.

“Mkanda acha.”

“Bwana Sikio hataki chuma. Lete.”

Akaufungua taratibu. Mkanda wa ngozi, mpana, wa watu waliofanya kazi za watu. Miaka thelathini alikuwa amevaa koti la chuma kwenye misitu ya misonobari, ile mitambo inayovaliwa mwilini, inayomfanya mtu mmoja abebe gogo la watu sita. Koti hubeba uzito, lakini mtikisiko humwachia mwenye koti. Kila mtu Luhanga anajua viuno vya watu wale vinakwisha namna gani.

Nikaukunja mkanda, na kidole changu kikaingia kwenye tundu ambalo fundi hakulitoboa. Nikautazama. Matundu matano ya fundi, kisha matatu ya msumari, moja baada ya jingine kuelekea ndani. La mwisho lilikuwa jipya, ngozi yake bado nyeupe.

“Mzee, unapungua au unaufuga mkanda?”

“Pombe ya ulanzi ya msimu huu haikuwa na nguvu.”

Akakohoa. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na nje ukungu ulikuwa mzito, baridi ya kuvaa soksi mbili. Nilipata C ya Baiolojia. C siyo udaktari. Lakini siyo sifuri pia.

*

Chumba cha pini ni cheupe, na upande mmoja una kioo. Siku ile nyuma ya kioo walikaa watu watatu wa bodi, wametulia kama picha za kwenye noti. Hawakuja kwa ajili ya mzee. Walikuja kumtazama daktari.

Daktari alikuwa Imelda Kikoti. Ndiyo, Kikoti yuleyule. Binti yake wa pekee. Leo alikuwa anapimwa kama anaweza kukabidhiwa chumba peke yake, na mgonjwa wa mtihani alimchagua mwenyewe. Utaratibu unaruhusu. Nadhani hata bodi iliguswa: mtoto wa mbeba magogo anamtibu mbeba magogo.

“Otilia,” akaniambia kwa sauti ya chini huku akivaa glavu, “mchangamshe. Jana usiku hakulala.”

“Hakulala kwa sababu gani?”

“Furaha,” akasema, na macho yake yakacheka juu ya barakoa.

Mezani, ndani ya chupa yenye majimaji ya uvuguvugu, zilikaa pini tatu. Siyo chuma tena siku hizi. Ni pini mbegu, zenye pembe tatu, zimeoteshwa miezi minne kutokana na uboho wa mgonjwa mwenyewe. Zina rangi ya waridi kama ufizi wa mtoto mchanga. Zikiingia mfupani zinaota mizizi kwa dakika kumi na moja, na baada ya hapo hakuna wa kuzitoa mpaka siku ya kiyama. Chupa yake ikishafunguliwa zinaishi dakika ishirini. Zisipopandwa, zinakufa.

Imelda akazifungua saa nne na dakika mbili.

Mzee alilazwa kifudifudi, uso umeingia kwenye tundu la kitanda. Chini ya tundu hilo ndiko ofisi yangu iliko. Nina kigoda kifupi, naketi sakafuni nikitazama juu, na mgonjwa ananitazama chini, pua kwa pua. Kuna duara jekundu limechorwa kukizunguka kigoda. Ndani ya duara hilo Bwana Sikio hasikii ila jibu la swali lake mwenyewe, na daktari na bodi hukaa mbali wasisikie. Inaitwa Kinga ya Utani, na iko kwenye sheria: linalosemwa kwa mtani halitoki kwa mtani. Naweza kumchokoza mgonjwa mpaka aseme ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Siwezi kumsemea.

Mnaona ni sheria ya kipumbavu? Na mimi niliona hivyo, mpaka nikasimuliwa habari za Fidelisi. Alikuwa mtani hapa kabla yangu. Siku moja mgonjwa alimnong'oneza kwamba anadanganya, na Fidelisi akasimama akapiga kelele, “Anadanganya!” Mgonjwa akaokolewa. Kisha habari zikatembea. Miezi minane hakuna aliyemfungulia mtani mdomo, maana mtani amegeuka kuwa polisi. Katika miezi hiyo minane watu kumi na mmoja waligandishwa ovyo.

Halafu kuna Mama Benadeta Lulandala, na huyo sikusimuliwa. Huyo ni wangu. Aliniambia humu duarani, akicheka, kwamba hajapata nafuu yoyote ila hataki kumchosha daktari. Nikamtania, nikamchokoza, nikambembeleza. Akaniambia, “Wewe mtoto, tulia.” Nikatulia. Nikashika sheria. Siku hizi hupita sokoni akitembea kama mlango uliobaki na bawaba moja, na akiniona hunipungia mkono. Hunipungia mkono! Angenitemea mate ningelala usingizi.

“Serafini,” nikamwita mzee kutoka chini, “ganzi imeingia?”

“Imeingia. Tako lote la kulia limekwenda likizo.”

“Na maumivu? Yameaga?”

Tone la jasho likatoka kwenye ncha ya pua yake, likaniangukia kwenye aproni.

“Mtani,” akasema, “mdomo wako una mlango. Una kufuli pia?”

“Wa nyumbani hauna. Wa kazini unao.”

“Maumivu yapo palepale. Hayajawahi kukaa kwenye nyonga hata siku moja.”

Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

“Sasa huku kwenye nyonga mmefuata nini, mzee? Mmekuja kutembea?”

“Alikuja likizo, mwezi wa Desemba. Akasema, baba, lala nikupime. Miaka saba ya shule, mtani. Saba. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Alipofika nyongani akaniuliza, ni hapa, baba? Macho yanang'aa hivi. Ungemwambia siyo?”

“Ningemwambia siyo.”

“Wewe Mngoni, huna adabu. Ndiyo maana nakwambia wewe.”

Nikaelewa jambo jingine. Bwana Sikio hupiga picha pale anapoambiwa panauma, hapo tu. Kwa hiyo miezi yote hiyo wamekuwa wakipiga picha nyonga. Huko kunakouma kwenyewe hakuna jicho lililowahi kutazama.

“Panauma wapi hasa?”

“Juu. Katikati ya uti. Usiku kunachemka kama chungu.”

“Unakohoa. Unatoka jasho kwenye baridi. Unatoboa mkanda kwa msumari. Mwambie.”

“Nimwambie mbele ya wale?” Akamaanisha kioo. “Kwamba mgonjwa wake wa mtihani, baba yake mzazi, kakosea kumpima? Watamcheka mpaka astaafu.”

“Pini zikiota hazitoki.”

“Kiungo ni changu. Ninavyo viwili.”

“Na hicho kinachouma?”

“Kitauma. Kimezoea.” Akajaribu kutabasamu, ila uso uliobanwa kwenye tundu hautabasamu vizuri, unavimba tu. “Kaa kimya, mtani. Nimeshakwambia. Sasa funga.”

Sauti ya Bwana Sikio ikashuka kutoka darini, tamu kama ya mtangazaji wa asubuhi.

“Mgonjwa Kikoti. Kutoka sifuri hadi mia, maumivu yamepungua kwa kiasi gani?”

“Tisini,” mzee akasema kwa nguvu, ili hata kioo kisikie. “Tisini, nashukuru sana.”

“Neno limepokelewa. Kupandikiza kutaanza baada ya dakika tano. Mgonjwa peke yake anaweza kubadili neno.”

Nikasikia Imelda akishusha pumzi. Mmoja wa bodi akaandika kitu.

*

Dakika tano ni nyingi ukiwa unangoja ugali. Nilizihesabu zile kwa saa ya ukutani, na mkono wa sekunde ulikuwa unakimbia kama umeiba.

Nikisema, naua kinga. Kesho atalala mwingine kwenye tundu hilo, atanitazama, atafunga mdomo, na sitajua hata kwamba nimemkosa. Nikinyamaza, huyu hapa, jasho lake liko kwenye nguo yangu. Na zaidi ya pini kuna kile kinachochemka juu huko. Akishagandishwa, faili linafungwa: ametibiwa, amepona, tisini kwa mia. Hata akirudi analia, wataambizana kwamba nyonga inachukua muda kuzoea.

Nilimchokoza. Nilijaribu kila kitu kilichomo kwenye mkoba wangu. Nikamwambia Mhehe hafi kwa mkuki, anakufa kwa aibu. Akasema ndiyo. Nikamwambia babu zake wangejua anauza kiungo kizima kwa ajili ya cheti wangefufuka. Akasema wasalimie.

Dakika tatu na nusu.

Kule mlangoni, kwenye ndoano, ulining'inia mfuko wa plastiki wenye nguo zake. Koti la harusi lilikuwa linanitazama kupitia plastiki.

Hapa lazima niwaeleze kitu, hasa ninyi mliokulia kwenye maghorofa. Mtani ana kazi moja kubwa kuliko matusi yote. Siku ya mazishi anavaa nguo za marehemu. Anavaa kofia yake, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anagombana na mjane vilevile alivyogombana marehemu. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na kicheko hicho ndicho kinachowapa nguvu ya kushika jembe na kufukia. Nimeifanya kazi hiyo mara nne, na naifanya vizuri.

Lakini huvai nguo za mtu aliye hai. Hilo halina mzaha. Ukimwigiza aliye hai umemzika, mbele ya damu yake, na utani kati yenu unaweza kukatika palepale. Sijawahi kusikia mtani aliyelifanya.

Kinga inasema siwezi kutoa neno nililopewa. Haisemi chochote kuhusu miguu yangu.

Nikatoka duarani.

“Otilia?” Imelda akasema. “Kaa karibu naye, bado dakika tatu.”

Nikaufungua mfuko. Nikavaa koti la harusi, likanifika magotini. Nikachukua mkanda, nikauzungusha kiunoni. Jamani, mimi ni mwembamba. Shuleni waliniita Mpini wa Fagio. Nikauvuta mkanda wa mbeba magogo mpaka tundu la fundi la mwisho: ukacheza. Tundu la kwanza la msumari: ukacheza. La pili, bado. La tatu, lile jipya jeupe, likanikaa sawasawa.

Nikasimama mbali na duara, mahali ambapo Imelda na watu wa kioo waliniona wote, nikageuka, nikawa Mzee Serafini Kikoti.

Nilikuwa nimemwona akishuka kwenye gari asubuhi. Yeyote aliyekuwa kwenye varanda angeweza kumwona. Hatua tatu, kusimama. Kiganja cha kulia kinakwenda nyuma. Hakiendi nyongani, kinapanda, kinapita kiuno, kinatua katikati ya uti chini kidogo ya mbavu, na dole gumba linabonyeza. Kikohozi kifupi cha mdomo uliofungwa. Leso shingoni, kufuta jasho kwenye baridi. Hatua tatu nyingine. Kisha mtu anapita, na mkono unaruka kutoka mgongoni, unakuwa mkono wa salamu.

“Hamjambo, wanangu?” nikasema kwa sauti yake, ile nzito ya kukwaruza. “Mimi sijambo. Nafuu kabisa. Nashukuru sana.”

Mkono ukarudi mgongoni. Palepale.

Hakuna aliyecheka kwenye kioo. Lakini kutoka kwenye tundu la kitanda, mzee, ambaye hakuweza kuniona, alijisikia mwenyewe akiongea kutoka upande wa pili wa chumba. Kicheko kikamtoka. Alicheka kicheko cha watu wa msituni, kicheko cha tumbo zima, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu kikageuka sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mkono wake wa kulia ukachomoka kwenye shuka, ukaruka nyuma, ukatua.

Juu. Katikati ya uti. Chini kidogo ya mbavu.

“Mgonjwa asisogee,” Bwana Sikio akasema. “Dakika mbili.”

Imelda alikuwa amesimama, mikono juu, glavu zimeelekea dari. Aliutazama mkono wa baba yake. Akanitazama mimi, kiganja changu kikiwa bado mgongoni. Macho yake yakashuka kwenye mkanda, kwenye ncha ndefu ya ngozi iliyokuwa inaning'inia kama ulimi. Nikaona akihesabu matundu.

“Umemvalia baba yangu nguo,” akasema polepole. “Yuko hai, Otilia.”

“Ndiyo, Dakta.”

“Umemzika mbele yangu.”

“Ndiyo.”

Nilidhani atanifukuza. Nilidhani atabonyeza kitufe cha kusitisha, maana anaweza, lakini lazima aandike sababu, na ‘mtani kavaa koti’ siyo sababu inayoandikika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua barakoa, akatembea mpaka kwenye duara langu jekundu, na daktari wa mtihani, mbele ya bodi, akapiga magoti sakafuni kama anavyopiga binti wa Kihehe akimsalimia baba yake, akainua uso kuutazama uso uliokuwa kwenye tundu.

“Kamwene, baba.”

“Kamwene, mwanangu.”

“Desemba nilipokubonyeza, ulisema hapo hapo.”

“Ulikuwa umefurahi.”

“Baba.”

“Ulikuwa umefurahi sana, Imelda.”

Sikutakiwa kuyasikia. Nilikuwa nimesogea hadi hatua mbili kutoka kwao, na masikio hayana kope. Bwana Sikio, ambaye ndiye aliyehitaji kuyasikia kuliko sisi wote, hakusikia kitu. Duara lilifanya kazi yake.

“Dakika moja,” akasema. Mkono wa chuma ukaanza kushuka, ncha yake ikang'aa, ikatafuta njiti yake ya kiberiti kwenye ngozi ya mzee.

“Wanatutazama,” mzee akasema.

“Watazame.”

“Cheti chako.”

“Nitapiga magoti hapa mpaka useme. Nikiinuka kabla hujasema, nitakuwa daktari, na daktari kaambiwa tisini. Usinifanye niinuke, baba.”

Sekunde arobaini. Mkono wa chuma ukagusa ngozi, ukasimama, ukipima. Nilikuwa nimeushika ule mkanda kwa mikono miwili kama usukani wa gari lisilo na breki.

“Mgonjwa Kikoti,” Bwana Sikio akasema, kwa sababu sheria inamtaka aulize mara ya mwisho. “Neno lako bado ni tisini?”

Mzee akavuta pumzi. Ikamwuma, nikaona mabega.

“Hapana,” akasema.

“Sema neno jipya.”

“Sifuri. Hayajapungua hata punje.” Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akaongeza, “Samahani sana, Bwana.”

Mkono wa chuma ukapanda ukarudi darini. Mezani, ndani ya chupa, saa nne na dakika ishirini na mbili, pini tatu zilianza kuchujuka. Kwanza ncha, kisha kati. Miezi minne ya uboho wa mtu. Zilipokuwa za kijivu kabisa Imelda alizifunika kwa kitambaa.

*

Walipiga picha pale mkono ulipotua. Mifupa miwili ya uti ilikuwa imeliwa kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi: nje punje nzima, ndani unga. Kifua kikuu, kimehamia mgongoni. Dawa za mwaka mzima, kila siku bila kuruka. Imelda aliisoma picha kwa sauti kavu mbele ya bodi, akasema kingepewa miezi mitatu mingine miguu ingeacha kusikia. Kisha akasema, “Nilipima vibaya,” na akaketi.

Bodi haikusema kuhusu cheti. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alinigeukia mimi. Bado nilikuwa nimevaa koti.

“Afisa Gama. Mgonjwa alikwambia chochote ndani ya duara?”

Nikafungua mdomo. Kila kitu kilikuwa pale. Nikisema ndiyo, kinga imekufa mchana kweupe. Nikisema hapana, nimekula kiapo cha uongo mbele ya watu watatu na mfupa mmoja uliooza.

“Mama,” akasema mzee kutoka kwenye kiti cha magurudumu. “Samahani. Huyu mtoto kanizika, wote mmeona. Sasa mnamwuliza marehemu kasema nini? Marehemu hasemi.”

Mama wa miwani akafunga daftari.

Imelda alipita mbele yangu mlangoni. “Leo usinitanie,” akasema bila kunitazama. “Wala kesho.”

“Sawa, Dakta.”

“Nitakwambia lini.” Akaenda.

Nikamvua mzee shuka, nikamvika shati, nikamrudishia koti. Hakunitukana. Hilo liliniuma kuliko tusi lolote, mtu anayevaa kimya mbele ya mtani wake. Nilipofungua mkanda kumpa, akausukuma kwa kidole.

“Kaa nao.”

“Mzee, suruali itaanguka.”

“Hujui mila? Nguo za marehemu ni za mtani wake. Koti nitalihitaji, kuna baridi. Mkanda wako.” Akaniangalia hatimaye, macho mekundu, na sikuweza kujua ni hasira au homa. “Nikinenepa mpaka tundu la fundi, nitakuja kuudai. Nisipokuja, unajua cha kufanya nao. Umeshafanya mazoezi.”

Alikataa kusukumwa. Aliinuka, akatoka kwenye varanda ya Luhanga kwa miguu yake, suruali ameishika mbele kwa mkono wa kushoto. Watu wakampisha, wakamsalimia, habari za asubuhi, mzee.

“Mbaya,” akawajibu, na mkono wa kulia haukuruka kwenda popote. Ulibaki mgongoni, juu, katikati, mahali pake, mpaka alipokata kona.